Machozi ya Siku ya Tatu: Historia ya Homoni, Neva na Mama Aliyejifungua



Hivi karibuni tulitoka kisiwani kwetu tukaenda Nyakato, Mwanza, kwenye arobaini ya mtoto wa mwenzetu aliyeolewa huko. Wanaoijua Nyakato wanajua Barabara ya Musoma na malori yake, maduka ya vifaa vya ujenzi, na nyuma yake vilima vya mawe vinavyoufanya mji wa Mwanza usifanane na mji mwingine. Shughuli ilikuwa nzuri, alhamdulillah. Dua ilisomwa, pilau ililiwa na sato wa ziwa aliliwa, mtoto akapita mikono yote akiwa amelala.

Wageni walipopungua, mwenzetu alitueleza jambo ambalo hakuwahi kuliandika kwenye simu. Siku ya tatu baada ya kujifungua alianza kulia. Mtoto alikuwa mzima, maziwa yalitoka, mume hakuwa na neno baya. Alilia tu. Wiki ya pili ikaisha, ya tatu ikaingia, bado analia. Mtoto akilala, yeye halali. Akimtazama mwanawe anahisi kama anamtazama mtoto wa jirani, kisha anajichukia kwa kuhisi hivyo.

Waliomzunguka walimpenda, na kila mmoja alikuwa na jibu. Mmoja alisema ni jicho la watu. Mwingine alisema amepitiwa na jini pale alipotoka nje magharibi. Wa tatu akasema imani imepungua kwa sababu haswali. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma zaidi, kwani alikuwa hajatoharika. Angeswalije na nifasi?

Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mama mkwe wake. Alimwambia, "Mwanangu, dua tutaomba na hospitali tutakwenda. Jiandae." Wakaenda, akasikilizwa, akatibiwa. Siku ile ya arobaini alikuwa anacheka.

Tulirudi nyumbani na swali moja: ni kitu gani hasa hutokea ndani ya mwili wa mzazi siku ile ya tatu? Tuliposoma, tulikuta historia ndefu inayoanza karibu sana na Nyakato, kwenye ziwa lile lile. Leo tunawaletea, hasa nyinyi mabibi harusi ambao In Shaa Allah mtakuwa mama kesho, na nyinyi masomo na makungwi mnaowafunda.

Ng'ambo ya ziwa: amakiro

Upande wa kaskazini wa ziwa, Uganda, Waganda wana jina la zamani la maradhi ya mzazi. Wanayaita amakiro. Yalisemwa kuwa humpata mwanamke aliyetoka nje ya ndoa akiwa mja mzito. Baada ya kuzaa huchanganyikiwa, humkataa mtoto, na hata huhofiwa kumdhuru. Tazameni uzito wa jambo hilo. Mwanamke aliyekuwa mgonjwa alibeba mizigo miwili, maradhi yenyewe na tuhuma ya zinaa.

Katika miaka ya 1970 daktari wa akili kutoka Uingereza, John Cox, alifanya kazi Kampala. Aliwachunguza wanawake 263 katika eneo la Kasangati, nje kidogo ya mji, na mwaka 1979 akachapisha alichokiona. Aliandika pia juu ya amakiro, akiuliza kama jina hilo la Kiganda linafanana na maradhi ambayo madaktari wa kwao waliyajua kwa jina jingine. Aliporudi Uskochi aliwalinganisha wazazi wa kule na wa Uganda, na mwaka 1983 akaonyesha kuwa sonona ya baada ya kuzaa ilikuwepo pande zote mbili, kwa kiasi kinachokaribiana.

Hilo lilivunja maneno mawili kwa pamoja. Wazungu wengi walidhani mwanamke wa Kiafrika hapati sonona ya uzazi kwa kuwa ana ndugu na majirani tele. Sisi wenyewe tulidhani anayeipata ana dhambi aliyoificha. Yote mawili hayakuwa kweli.

Mwaka 1987 Cox na wenzake, Jeni Holden na Ruth Sagovsky, walitoa kipimo cha maswali kumi kinachoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Leo kinatumika duniani kwa lugha nyingi kumtambua mzazi anayehitaji msaada. Mmoja wa waliokitunga alikuwa amekwisha kukaa na kuwasikiliza akina mama wa pwani ya ziwa hili.

Lakini Cox alionyesha tu kwamba maradhi yapo. Mwili unafanya nini hata yatokee? Kwa hilo turudi nyuma zaidi.

Homoni inayolinda mimba

Mwaka 1929, huko Rochester, Marekani, George Corner na mwanafunzi wake Willard Allen walionyesha kuwa ovari hutoa kitu kinacholinda mimba isitoke. Walifanya kazi na sungura. Mwaka 1934 maabara kadhaa zilifaulu kukitenga kitu hicho kikiwa safi. Mmoja wa waliokitenga ni Adolf Butenandt, Mjerumani, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939. Kitu hicho kikaitwa progesteroni.

Progesteroni ni ya ukoo wa steroidi. Zote zina umbo moja la msingi, pete nne za kaboni zilizoshikana, na zote mwili huzitengeneza kutokana na kolesteroli. Ndugu zake ni estrojeni ya kike, testosteroni ya kiume, na kotisoli inayopanda tunapokuwa na mashaka. Badilisha kipande kidogo pembeni mwa pete hizo, na kazi yake mwilini inabadilika kabisa.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Ukitoka Nyakato kwenda Kisesa utaona mkonge uliopandwa mipakani mwa mashamba. Mmea huo haukuwa wetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai upande wa Pangani ilikuwa 62. Kutokana na hiyo likaota zao lililoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa katani. Mwaka 1951 wanakemia wa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, waliandika kuwa maji ya mkonge, yale yanayomwagwa baada ya nyuzi kutolewa, yana hekojenini, ambayo ina zile pete nne za steroidi. Kampuni ya Glaxo ikaitumia hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengeneza dawa za steroidi kama kotisoni na, baadaye, betamethasoni.

Betamethasoni ni dawa ya maana daktari anapoitoa kwa kipimo. Hiyo hiyo, pamoja na nduguze wenye nguvu zaidi, ndiyo inayochanganywa kwenye mkorogo ambao baadhi ya mabibi harusi hujipaka wiki chache kabla ya harusi. Ngozi huwa nyembamba, na akiacha, huwaka moto. Siku nyingine tutaliandikia hilo peke yake.

Panya waliolala

Mwaka 1941, mjini Montreal, Kanada, Hans Selye alikuwa akiwachoma panya sindano za homoni mbalimbali ili aone zinafanya nini mwilini. Alipowapa progesteroni nyingi, panya walilala. Usingizi wenyewe haukuwa wa uchovu. Ulikuwa kama nusukaputi, hata ungewafanyia upasuaji wasingestuka. Kisha wakaamka wakiwa wazima.

Homoni ya uzazi inahusianaje na usingizi? Selye aliona jambo la kweli, lakini zama zake hazikuwa na chombo cha kulieleza.

Fumbo likazidi katika miaka ya 1960. Wanasayansi walieleza vizuri jinsi steroidi zinavyofanya kazi: homoni huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, hufika kwenye kiini, na huko huamrisha jeni ziwashwe au zizimwe. Kazi hiyo ni ya polepole. Huchukua saa, pengine siku, kama mtu anayetuma barua na kusubiri majibu.

Lakini mwaka 1971 Glaxo ilitoa dawa ya nusukaputi iitwayo Althesin, ambayo kiungo chake kikuu, alfaksaloni, ni steroidi. Ikiingia mshipani, mgonjwa alilala katika muda usiofika dakika moja. Hakuna barua inayokwenda na kurudi kwa kasi hiyo. Lazima palikuwa na njia nyingine ya haraka, nje ya seli, mlangoni kabisa.

Mwaka 1984 Althesin iliondolewa kwa binadamu, kwa sababu mafuta yaliyotumika kuyeyushia dawa yaliwapa baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Na mwaka huo huo wa 1984, mjini London, Neil Harrison na Michael Simmonds walionyesha njia hiyo ya haraka ni ipi.

Mlango wenyewe

Hapa tunawaomba msome taratibu, kwani ndipo penye kiini cha habari.

Ubongo wetu una seli za neva zinazopelekeana habari. Kila seli imezungukwa na utando, na kwenye utando huo kuna milango midogo sana inayopitisha chembe zenye umeme zinazoitwa ioni. Mlango ukifunguka, ioni zinapita, na hali ya umeme ya seli inabadilika. Mingine ikifunguka, neva inachangamka. Mingine ikifunguka, neva inatulia.

Mlango mkubwa wa utulivu ni kipokezi cha GABA. GABA ni kemikali iliyogunduliwa ndani ya ubongo mwaka 1950. Kipokezi chake kimejengwa kwa vipande vitano vilivyosimama duara, na katikati kuna tundu. GABA ikikaa mahali pake, tundu linafunguka na kloridi inaingia ndani ya neva. Kloridi si kitu kigeni, ni nusu ya chumvi ya mezani. Ikiingia, neva inapoa na haichomokichomoki ovyo.

Harrison na Simmonds walikuta kuwa alfaksaloni inauongezea nguvu mlango huu. Mwaka 1986 Maria Majewska na wenzake, katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, walionyesha kuwa hata steroidi tunazozitengeneza wenyewe zinafanya hivyo. Mojawapo ni alopregnanoloni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na progesteroni. GABA inapofungua mlango, alopregnanoloni inauzuia usijifunge upesi. Kloridi inaingia kwa muda mrefu zaidi, na utulivu unakuwa mkubwa zaidi. Ikiwa nyingi kupita kiasi inaweza kuufungua mlango yenyewe, bila kungoja GABA. Baada ya miaka 45, usingizi wa panya wa Selye ulikuwa umepata maelezo.

Kabla ya hapo, mwaka 1981, Mfaransa Étienne-Émile Baulieu na wenzake walikuwa wameonyesha kuwa ubongo wenyewe una steroidi zake, si zile tu zinazoletwa na damu kutoka ovari na tezi. Ndipo likaja jina la neurosteroidi. Na mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliokuwa chini ya Trevor Smart walionyesha mahali hasa kwenye kipokezi ambapo steroidi hizi hukaa. Kila kitu na mahali pake. Subhanallah.

Kwa nini siku ya tatu?

Sasa turudi kwa mwenzetu wa Nyakato.

Mimba inapokua, kondo la nyuma hutengeneza progesteroni nyingi mno kuliko siku za kawaida, na alopregnanoloni hupanda pamoja nayo. Kwa miezi ubongo wa mja mzito unaishi ndani ya utulivu huo. Kwa kuwa mwili hauwezi kusinzia miezi tisa, ubongo unajirekebisha. Vipokezi vinabadilika ili mama aendelee kuamka, kupika, kufikiri na kucheka.

Kisha mtoto anazaliwa, na kondo la nyuma linatoka. Kiwanda kikubwa cha progesteroni kimeondoka mwilini ndani ya saa moja. Katika siku chache homoni inashuka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Ubongo uliokwisha kujipanga kwa ajili ya wingi unajikuta ndani ya upungufu, na milango ya utulivu haishikiliwi tena kama jana.

Ndiyo maana wazazi wengi hulia bila sababu kati ya siku ya tatu na ya tano. Hiyo ni huzuni ya kawaida ya uzazi, na kwa wengi huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili, ubongo unapojipanga upya.

Mtauliza: ikiwa homoni hushuka kwa kila mzazi, kwa nini mmoja apone na mwingine azame? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linatuzuia tusiitupie homoni kila kitu. Mwaka 2008 Jamie Maguire na Istvan Mody, huko California, walifanya utafiti kwa panya waliokosa kipande kimoja cha kipokezi cha GABA. Panya hao walipozaa walionyesha dalili kama za sonona na waliwatelekeza watoto wao. Walipopewa dawa iliyokilenga kipokezi hicho, hali ikawa nafuu. Kwa hiyo jambo linategemea pia jinsi vipokezi vinavyoweza kujirekebisha baada ya homoni kushuka, na watu hatukuumbwa sawa katika hilo.

Yapo na mengine: aliyewahi kuugua sonona kabla, anayepigwa au kutukanwa nyumbani, asiye na fedha, aliye mbali na mama yake mzazi, ambaye mtoto wake ni mgonjwa au amefariki. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kuzaa. Fikirieni harusi tano mlizohudhuria, kisha mhesabu.

Kutoka panya hadi dawa

Elimu hii imezaa dawa. Mwezi Machi 2019 Marekani iliidhinisha breksanoloni, ambayo ni alopregnanoloni yenyewe iliyotengenezwa kiwandani. Ilikuwa dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya sonona ya baada ya kuzaa peke yake. Ilitolewa kwa dripu kwa saa 60 mfululizo, mama akiwa hospitalini chini ya uangalizi, na bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Agosti 2023 kikaidhinishwa kidonge cha ukoo huo huo, zuranoloni, kinachomezwa mara moja kwa siku kwa siku 14.

Tusiwadanganye: dawa hizo si za kuzikuta kwenye duka la dawa la mtaani kwetu. Lakini zipo dawa za sonona za kawaida ambazo daktari anaweza kumpa mzazi, na baadhi yake zinafaa hata kwa anayenyonyesha. Na kuna tiba isiyo dawa kabisa, ambayo ushahidi wake umetoka kwa Waislamu wenzetu.

Vijijini Rawalpindi, Pakistan, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijiji, wanawake wa kawaida, namna ya kukaa na mja mzito au mzazi mwenye sonona, kumsikiliza, na kumsaidia kubadili mawazo yanayomvunja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Baada ya miezi sita, waliobaki na sonona katika vijiji vilivyofundishwa walikuwa 23 kwa 100. Katika vijiji vilivyopata ziara za kawaida tu walikuwa 53 kwa 100. Mazungumzo yenye mpango, yanayofanywa na mwanamke mwenzio sebuleni, yalipunguza maradhi kwa zaidi ya nusu.

Hapo ndipo tulipoiona thamani ya arobaini yetu. Wazee wetu hawakuijua alopregnanoloni, lakini walijua mzazi haachwi peke yake. Anakandwa maji ya moto, anapewa uji na supu, anapokewa mtoto alale, hapiki, hafui. Siku arobaini ni muda mzuri sana wa kumtazama. Kasoro yetu ni kwamba tunamkanda mgongo na tumbo, na mara chache tunamuuliza, "Moyo wako je, mwanangu?"

Maryam chini ya mtende

Sasa kwa wale waliosema imani imepungua.

Someni Surat Maryam. Bibi Maryam, mwanamke ambaye Mwenyezi Mungu amemteua na kumtakasa, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alitamani angekufa kabla ya hayo na awe kitu kilichosahauliwa kabisa. Hayo ni maneno ya mwanamke bora, na Qur'ani haikuyaficha. Je, alikaripiwa? Aliambiwa imani yake imeshuka? Aliambiwa asihuzunike. Alionyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa autikise mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Na akaondolewa mzigo wa kuwajibu watu. Maji, chakula, faraja, na kupumzishwa na maneno ya walimwengu: hivyo ndivyo Mola wetu alivyomtendea mzazi mwenye huzuni.

Na nifasi nayo ni rehema. Sala ameondolewa mzazi na Yule Yule aliyeifaradhisha. Wanavyuoni wengi wameweka mwisho wa nifasi siku arobaini, na katika madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, kawaida yake ni arobaini na mwisho wake ni sitini. Katika siku hizo mlango wa dua na dhikri uko wazi. Kumwambia mzazi kwamba analia kwa sababu haswali ni kumlaumu kwa kutii sheria.

Hatukatai jicho wala hatukatai majini, kwani yametajwa katika dini yetu. Msomeeni mzazi Qur'ani, mfanyieni ruqya ya kisheria, moyo wake utatulia kwa kumkumbuka Allah. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Kumpeleka mzazi hospitali ni kumtii Mtume.

Mambo ya kushika

Bibi harusi, mweleze mumeo habari hii kabla ya mimba ya kwanza, ili siku ya tatu asishangae wala asiudhike. Kama umewahi kuugua sonona, au mama yako au dada yako aliugua baada ya kuzaa, mwambie mkunga kliniki mapema.

Mama, mama mkwe na mawifi, hesabuni siku. Machozi ya wiki mbili za mwanzo mbembelezeni, mlisheni, mpeni alale. Yakizidi wiki mbili, au halali hata mtoto akilala, hali, hamtaki mtoto, anajiona hafai, mpelekeni kituo cha afya. Msingoje arobaini itoke.

Na kuna jambo lisilongoja hata saa moja. Mzazi akianza kusikia sauti, kusema maneno yasiyoeleweka, kukesha siku mbili tatu akiwa na nguvu zisizo za kawaida, au kusema atajidhuru au atamdhuru mtoto, hiyo ni dharura kama kutokwa na damu nyingi. Huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000. Asiachwe peke yake na mtoto, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Inatibika.

Masomo na makungwi, mnawafunda wanawali mambo mengi ya usiku wa harusi na ya jikoni. Ongezeni na hili moja.

Tulipoagana Nyakato, mwenzetu alituuliza kama ni vibaya kuwasimulia watu yaliyompata. Tukamwambia ni sadaka. Huenda kuna bibi harusi mmoja atakayelia siku ya tatu, na badala ya kujiuliza amemkosea nini Mola wake, atajua kwamba ndani ya mwili wake homoni imeshuka, milango ya neva inatafuta mizani mpya, na kwamba kuna msaada.

Mwenyezi Mungu awaafu wazazi wetu wote, awape wepesi walio na mimba, na awaruzuku wanaotafuta. Aamin.

Wabillahi tawfiq.